Soriasisi Ina Sura Nyingi

Mtu wa Tingi, hapa mkoani Lindi, akitokwa na mabaka yenye magamba viwikoni au magotini, majirani huwa na majibu mawili tayari: fangasi, au ukoma. La kwanza humpeleka duka la dawa muhimu akarudi na tyubu ya krimu. La pili humfanya ajifiche, hata sahani akatengewa ya peke yake. Huenda si hili wala lile. Huenda ni soriasisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huichochea ngozi ijitengeneze upesi kupita kiasi, hata chembe ambazo kwa kawaida huchukua kama mwezi mmoja kupanda juu na kupukutika zikapanda kwa siku chache tu na kurundikana. Hauambukizwi kwa kugusana, kwa kitanda wala kwa chombo. Lakini aliyeambiwa jina hilo tu bado ana nusu ya jibu, kwa sababu aina ya soriasisi ndiyo inayoamua dawa, na ndiyo inayoamua kama mgonjwa anaweza kungoja siku ya kliniki au apande gari usiku huohuo.

Iliyo ya kawaida kuliko zote, inayowapata wagonjwa wapatao 8 au 9 katika kila 10, ni ya mabaka mazito yenye kingo zinazoonekana wazi na magamba meupe, hasa viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Vitabu vingi huyaeleza mabaka hayo kuwa mekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, na hapo hata mhudumu mzoefu anaweza kupotea. Ipo ya vidoadoa vidogo, huwatokea ghafla watoto na vijana wiki chache baada ya kuumwa koo kwa bakteria, na mara nyingi hupoa. Ipo ya kwenye mikunjo, kwapani, kinenani, chini ya matiti. Hiyo ni laini, karibu haina magamba, na ndiyo hudhaniwa fangasi kuliko zote. Mbili zilizobaki ni za kuogopwa. Moja hutoa vipele vyenye usaha usio na vijidudu. Vikienea mwilini kwa homa, maisha yako hatarini. Nyingine huwasha karibu ngozi yote na kuibambua, mwili ukapoteza maji na joto. Hiyo ya usaha ikienea hivyo, na hii ya kubambua, ni za kulazwa hospitali.

Yuko atakayesema: krimu ya dukani imenisaidia, aina inanihusu nini? Ni kweli husaidia. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi, nayo hutuliza uvimbe wa namna nyingi. Ila kama tatizo lilikuwa fangasi, steroidi huificha huku ikiendelea kuenea. Na kama ni soriasisi, kuipaka kiholela miezi mingi hukondesha ngozi. Hatari kubwa zaidi ni vidonge vya steroidi kama prednisoloni: mwenye mabaka ya kawaida akivimeza kisha akaviacha ghafla, ugonjwa unaweza kugeuka kuwa ule wa usaha au wa kubambua mwili mzima. Kuchanja chale ili kutia dawa nako hakufai, kwani ngozi ya mgonjwa ikijeruhiwa mara nyingi huota baka jipya palepale, jambo lililoelezwa na daktari wa Kijerumani Heinrich Köbner tangu karne ya 19. Mafuta ya nazi, ambayo pwani hii haikosi, hulainisha magamba bila madhara hayo, ingawa hayaponyi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umbali. Chuo cha kikanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi kiko hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992. Tingi ni mbali. Nakubali, na kwa sababu hiyohiyo naona elimu ya aina ina thamani kubwa zaidi hapa kuliko mjini, maana nauli ni ya kukopa na lazima itumike kwa linalostahili. Hofu ya ukoma nayo isipuuzwe: Liwale, wilaya ya mkoa huuhuu wa Lindi, ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu za Tanzania zilikojaribiwa dawa ya kuwakinga walio karibu na wagonjwa wa ukoma. Kupapasa baka kwa pamba husaidia kuanza kutofautisha: la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, la soriasisi huhisi na kuwasha. Penye ganzi, zahanati ni bure na dawa ni bure. Pasipo ganzi, mhudumu aulizwe pia juu ya kucha zenye vishimo na vidole vinavyovimba na kukakamaa asubuhi, kwa kuwa soriasisi huweza kuingia viungoni na uharibifu wake haurudi nyuma. Na mtu mzima ambaye ugonjwa umemlipukia ghafla na kwa ukali apime VVU, kwani wenye VVU wengi hupata nafuu ya ngozi wakianza ARV, na kipimo hicho hakihitaji safari ya Moshi.