Mbuzi wa Sherehe Naye Anaogopa

Kila sikukuu tunamwona: mbuzi kafungwa miguu, kichwa chini kwenye baiskeli, analia njia nzima mpaka machinjioni. Wengine wanatuuliza, "Sisi wenyewe tumeteseka hivi, ndiyo tumwonee huruma mbuzi?" Tunasema ndiyo, maana aliyewahi kukimbizwa anajua hofu ni kitu gani.

Tena kuna habari ya tumbo. Mnyama akihangaika sana anamaliza sukari iliyomo kwenye misuli. Sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kuchinjwa, ikasaidia nyama isioze upesi. Ikiisha, nyama inakuwa nyeusi-nyeusi, kavu, na inaharibika haraka. Na friji hatuna, jamani!

Tanzania iliyotupokea ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Lakini mengine hayangoji askari. Mbuzi atembezwe asubuhi, kabla jua halijawa kali. Apumzike kivulini, apewe maji. Kisu kiwe kikali, kinolewe mbali na macho yake, kama Waislamu wanavyofundishwa. Na mwenzake anayengoja zamu asifungwe palepale akitazama.