Mazingira ya Uvimbe na Jeni za Saratani ya Matiti

Seli ya saratani ya titi huzungukwa na seli za mafuta, nyuzi za kolajeni, mishipa ya damu na seli za kinga. Majirani hao huchangia kuwasha au kuzima jeni zake, hata pasipo DNA yenyewe kubadilika. Uvimbe ukikua upesi, sehemu zake za ndani hukosa oksijeni. Hapo protini ya HIF-1, ambayo penye oksijeni huvunjwa mara moja, hudumu na kuwasha jeni ya VEGF, inayochochea ukuaji wa mishipa ya damu. Mishipa mipya huchipua na kuulisha uvimbe. Ugunduzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni na kukabili upungufu wake ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kwa mgonjwa wa Mkongo, Rufiji, anayepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi, ukosefu huo wa oksijeni ni jambo zito: seli zilizokosa oksijeni hustahimili mionzi zaidi.