Ruhusa ya Muda Si Hatimiliki

Mkutano wa Geneva wa mwaka 1983 uliigawia Marekani vituo vinane angani vya setilaiti za televisheni, kila kimoja chaneli 32. Chaneli chache zilipobaki bila mwenyewe, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliiruhusu kampuni ya EchoStar kuzitumia kwa muda. Busara yake tunaiona: mali ya umma isilale bure. Walakini ruhusa ya siku 180 huweza kuongezwa, na mtazamaji aliyekwisha kulipa na kuzoea huweza kufanywa ngao siku ya kuzirejesha. Hivyo ndivyo cha kuazima kigeukavyo urithi. Kwa hiyo twasema: ukomo utangazwe mapema, mtazamaji aarifiwe, na mwenye mali abaki kuwa umma.