Drifti: Barabara Inayopitiwa Juu na Mto

Je, wajua kwamba bamba la zege lililolazwa kwenye sakafu ya mto mkavu huko Ukambani, nchini Kenya, laweza kuvusha bodaboda asubuhi na kunywesha kijiji jioni? Bamba hilo huitwa drifti. Wengi wetu tumelipita bila kuligeukia, maana halina nguzo wala matao ya kuvutia macho, na wakati wa kiangazi huonekana kama kipande tu cha barabara kilichosahauliwa mchangani. Lakini katika kaunti za Makueni, Kitui na Machakos, sijui kitu kingine cha barabara kinachofanya kazi mbili kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo hivyo.

Mito mingi ya huko haitiririki mwaka mzima. Kaiti, Tiva, Nzeeu na Enziu hukaa miezi kadhaa ikiwa njia za mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, iwe ile ya masika kati ya Machi na Mei au ile ya vuli kati ya Oktoba na Desemba ambayo mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi, maji mekundu hushuka kwa kishindo yakibeba matawi, mawe na udongo wa mashamba. Baada ya saa chache, au siku moja mbili, mto unapungua na kunyamaza tena. Kujenga daraja refu juu ya kila mto wa aina hiyo ni mzigo ambao hakuna kaunti inayoweza kuubeba, na tangu Katiba ya 2010 barabara za kaunti ni jukumu la kaunti zenyewe. Ndipo wahandisi wakaamua kwamba, mahali pengine, ni afadhali kuyaacha maji yapite juu ya barabara, na msafiri asubiri.

Kujenga drifti nzuri si kumwaga zege tu. Fundi huanza kwa kuchimba msingi unaokata mto kutoka ukingo hadi ukingo, akishuka mpaka afikie mwamba au udongo mgumu usiopitisha maji. Ukuta wa mawe na saruji hupandishwa kutoka huko chini, na juu yake hulazwa bamba lenye nondo. Bamba hilo hubonyezwa kidogo katikati ili mafuriko yafuate hapo katikati na yasitafute njia kwenye kingo. Ncha zake mbili hupandishwa hadi juu ya alama ya mafuriko makubwa zaidi yanayokumbukwa na wazee wa mahali hapo. Mhandisi mwerevu huwauliza wazee hao kabla ya kuchora chochote, kwa sababu mito midogo ya vijijini aghalabu haina kumbukumbu nyingine.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo, kwangu mimi, ndiyo inayoifanya drifti istahili makala nzima. Ukuta wake ukiinuka juu ya sakafu ya mto, tuseme kwa mita moja, maji yanayofika hapo hupunguza mwendo. Maji yakipunguza mwendo hushusha mzigo wake, yakianza na ulio mzito. Mchanga wa chembe kubwa hutua nyuma ya ukuta, huku tope laini likiruka ukuta na kuendelea na safari. Mafuriko mawili matatu yakipita, nyuma ya drifti kunakuwa na tuta pana la mchanga safi, na ndani ya mchanga huo, katika nafasi zilizo baina ya chembe, kuna maji.

Ni mengi kiasi gani? Hebu tupige hesabu. Chukua mto wenye upana wa mita 20, unaoteremka mita 1 katika kila mita 100. Ukuta ukiinuka mita 1, mchanga utajaa nyuma yake hadi umbali wa mita 100, kina kikipungua polepole hadi kuisha. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 1,000. Mchanga wa chembe kubwa huweza kuachia maji yanayokaribia robo ya ujazo wake, kwa hiyo hapo pana kama lita 250,000, yaani mitungi 12,500 ya lita 20. Na bado hatujahesabu maji yaliyojipenyeza kwenye kingo za mto, ambayo hurudi mchangani polepole kadiri watu wanavyochota. Msimu wa mvua unaofuata hujaza tena.

Maji hayo yako salama kuliko yale ya bwawa la wazi. Jua la Ukambani hunyonya bwawa upesi, lakini likishapita kina cha nusu mita hivi cha mchanga, nguvu yake hupungua sana. Mbu hawapati pa kutagia mayai. Kina mama wanaochimba visima vya mchanga kwa kata na bakuli wanalijua jambo hili tangu zamani, na aliyewahi kuchota nyuma ya drifti ya zamani hakuhitaji mtaalamu amweleze kwa nini kisima chake kilidumu.

Maarifa ya kuzuia mchanga yana mizizi mirefu huko. Mabwawa ya mchanga, yaani kuta kama hizo zisizo na barabara juu yake, yalijengwa tangu enzi za ukoloni. Huko Machakos, kikundi cha Utooni cha Joshua Mukusya kilianza kazi mwaka 1978, na huko Kitui, shirika la SASOL limesaidia wanakijiji kujenga mamia ya mabwawa tangu miaka ya 1990. Kilichochelewa ni barabara kuungana na maji. Kwa miaka mingi mhandisi wa barabara aliyaona maji kuwa adui wa kufukuzwa, na mhandisi wa maji hakuitazama barabara kabisa. Katika miaka ya karibuni, taasisi ya MetaMeta ya Uholanzi imefanya kazi na kaunti za Makueni na Kitui kuonyesha kwamba mitaro, makalvati na drifti vinaweza kusanifiwa kwa nia ya kuvuna maji, na mwaka 2021 Benki ya Dunia ilichapisha mwongozo mzima juu ya barabara za namna hiyo.

Kuna aina nyingine ya drifti, ile yenye matundu ya makalvati chini ya bamba ili maji madogo yapite bila kulowesha gari. Mahali ambapo mto una maji kila siku, matundu ni lazima. Ila kwenye mto wa msimu, mimi naona mara nyingi huleta taabu. Mchanga hauwezi kutulia nyuma ya ukuta wenye matundu. Isitoshe, shina moja la mti likinasa kwenye tundu, matawi hulifuata, na mlango unazibika. Maji yakikosa njia hugeukia ukingo na kuula, hata mto unaizunguka drifti na kuiacha imesimama peke yake, nzima kabisa lakini haina kazi.

Drifti huanza kufa upande wake wa chini. Maji yanayoruka ukuta huanguka kwa nguvu na kuchimba shimo mahali yanapotua. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa mito husema kwamba kasi ya maji ikiongezeka maradufu, uzito wa jiwe ambalo maji hayo yanaweza kulisukuma huongezeka mara 64. Ndiyo maana mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kuhamisha mawe ambayo mvua za miaka mitatu hazikuyagusa. Kwa hiyo chini ya drifti hutandikwa sakafu ya mawe makubwa, au gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Waya ukikatika, mawe hutoka moja moja. Shimo linaingia chini ya sakafu, kisha chini ya msingi, na bamba linabaki likining'inia bila mtu kujua, mpaka siku lori la matofali litakapopita. Ukisimama juu ya barabara huoni lolote. Ni lazima ushuke mtoni, upande ambao maji huelekea, uinamishe kichwa na utazame chini ya zege.

Kazi ya kuzuia hayo haihitaji greda. Inahitaji watu wawili watatu wenye sururu, sepetu na toroli, waende baada ya kila mafuriko kuondoa magogo, kurudisha mawe yaliyohama, kufunga waya uliokatika na kuzibua mitaro ya pande zote mbili ili maji ya barabarani yasichonge ukingo. Kenya iliwahi kuujua utaratibu huu vizuri. Mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974 ulijenga maelfu ya kilomita kwa nguvu za mikono, kisha ukamkabidhi mkazi wa karibu kipande cha kilomita moja au mbili akitunze kwa malipo. Mtu huyo aliijua barabara yake kama mtu anavyolijua boma lake. Nasikitika kwamba leo kaunti nyingi hungoja mpaka bamba livunjike ndipo ziite mwanakandarasi.

Tishio lingine halitokani na maji. Tuta la mchanga lililo nyuma ya drifti ni mali, na malori hulifuata. Kila lori linaloondoka na mchanga huo huondoka na ghala la maji la kijiji. Mchanga ukichimbwa upande wa chini hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu sakafu ya mto hushuka na kila msingi ulio karibu hubaki wazi. Madaraja yaliyozeeka ndiyo huumia kwanza, kwani yalijengwa wakati sakafu ya mto ilikuwa juu zaidi. Ureno ililijua hili kwa machozi: tarehe 4 Machi 2001 daraja la Hintze Ribeiro, lililojengwa katika miaka ya 1880, liliporomoka baada ya mto kuchimba chini ya nguzo yake moja, mahali ambapo mchanga ulikuwa umezolewa kwa miaka mingi. Basi moja na magari matatu yalitumbukia, na watu 59 wakafa. Nchini Kenya, miongozo ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya mwaka 2007 hukataza kuchimba mchanga ndani ya mita 100 kutoka kwenye daraja au barabara, na Makueni ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Maandishi yapo. Anayehitajika ni mtu wa kusimama mtoni usiku, saa ambazo malori hupenda kuja.

Lipo na jambo la uhai, nami siwezi kuisifu drifti nikalificha. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba kwaya iliyokuwa ikienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamefunika njia. Lilisombwa, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Maji yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, kwa sababu kila mita moja ya ujazo ya maji ambayo gari husukuma kando hulipunguzia gari uzito wa tani nzima kwenye magurudumu. Hapo breki na ujuzi wa dereva havisaidii tena. Kwa sababu hiyo drifti isiyo na nguzo za alama pande zote mbili haijakamilika. Nguzo hizo fupi, zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu, humwonyesha dereva ukingo wa bamba ulipo na kina kilipofikia. Zikizama, hakuna wa kuvuka, awe na haraka ya namna gani. Na mto mpana wenye mabasi ya kila siku unastahili daraja la juu. Kuweka drifti hapo kwa kubana matumizi ni kuchezea roho za watu.

Kwa mito midogo iliyobaki, ambayo ndiyo mingi, swali ni nani atoe fedha. Ushuru wa matengenezo ya barabara umekuwa shilingi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli tangu Julai 2024, na serikali kuu na kaunti zimekuwa zikivutana juu ya mgawo wake. Hata fedha zikifika, drifti hukaa katikati ya idara mbili: ile ya barabara hulipia zege, ile ya maji haijui kwamba ina ghala. Naamini suluhisho liko kwenye ukingo wa mto. Kisima chenye pampu ya mkono kikichimbwa mita chache upande wa juu wa drifti, maji hufika bombani yakiwa yamechujwa na mchanga, na kamati ya maji ya kijiji hutoza ada ndogo kwa kila mtungi. Sehemu ya ada hiyo ikitengwa kwa ajili ya mawe na waya wa gabioni, watunzaji watatoka kijijini hapo hapo, wanaojua kwamba bamba likivunjika, mchanga wao utaondoka kwa mafuriko ya kwanza pamoja na maji yao ya kiangazi.