Kabla hujafunga kipimo cha mafuta kisichotumia waya

KWA mwenye gereji au mashine ya kusaga hapa Kabanga, wilayani Kasulu, mafuta ndiyo mtaji unaopotea kirahisi kuliko wote. Gunia la maharage likipungua debe moja utaliona. Pipa la dizeli likipungua lita tano hulioni, mpaka siku fundi anapokuja kukuambia kwamba limekwisha na trekta la mteja bado liko juu ya jeki.

Kwa miaka mingi dawa ya tatizo hilo imekuwa stiki na daftari. Siku hizi kuna vifaa vinavyopima dizeli, petroli au oili vyenyewe na kutuma hesabu bila waya, hadi kwenye simu ya tajiri aliyeko Kasulu mjini au Kigoma. Wauzaji wanavisifu sana kwamba vinakomesha wizi. Hawasemi sana kwamba kifaa hicho ni cha umeme, na kwamba unakifunga kwenye mdomo wa chombo chenye mafuta.

Vifaa vyenyewe ni vya aina chache. Kipo kihisi kinachokaa juu ya tangi na kupiga sauti ambayo sikio halisikii, kisha kikahesabu muda ambao mwangwi umetumia kurudi. Kipo kinachozama chini na kupima mgandamizo. Na ipo mita inayofungwa kwenye mpira wa kumwagia, ambayo huhesabu kila lita inayopita. Taarifa hupelekwa na redio ya masafa mafupi hadi kwenye kipokezi kilichoko ofisini, au kwa laini ya simu. Kwa oili inayotolewa kidogo kidogo, mita ya kwenye mpira ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu inajibu swali la tajiri: gari lile limewekewa lita ngapi?

Tuangalie kwanza hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Pipa la kawaida la lita 200 likiwa limesimama, kila sentimita moja ya kina ni karibu lita 2.5. Tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, sentimita moja ni karibu lita 10. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kifaa chake kinakosea "sentimita moja tu", kwenye tangi hilo hajui lita 10 zimekwenda wapi. Pipa likilazwa hesabu inabadilika kabisa, kwani sentimita ya katikati hubeba mafuta mengi kuliko ya juu au ya chini. Kifaa lazima kipewe umbo la chombo chako, si la chombo cha jirani.

Kisha kuna jua. Dizeli hutanuka ikipata joto. Lita 1,000 zikiongezeka nyuzi joto 10 za Selsiasi hutanuka kwa lita nane hivi. Usiku wa nyanda zetu una baridi, na tangi lililoachwa juani mchana litaonyesha lita nyingi saa nane mchana na chache alfajiri. Kijana wa zamu asifukuzwe kazi kwa lita ambazo hakuna aliyezigusa. Linganisha vipimo vya saa ileile kila siku, ikiwezekana asubuhi.

Je, kinalipa? Tuhesabu kwa lita, maana bei hubadilika kila mwezi. Tuseme kifaa kinagharimu thamani ya lita 150. Gereji inayotumia pipa moja kwa mwezi na kupoteza asilimia mbili, inapoteza lita nne. Itachukua zaidi ya miaka mitatu kurudisha fedha, kabla ya kuhesabu betri na bando. Huyo abaki na stiki. Mwenye magari au matrekta anayetumia lita 1,000 kwa wiki, kwa upotevu uleule anapoteza lita 20 kila wiki, na kifaa kinajilipa ndani ya wiki nane. Kati ya hao wawili kila mmoja apige hesabu yake, asisukumwe na maneno ya muuzaji.

Sasa tuje kwenye moto. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Morogoro na kulipuka wakati watu wakichota mafuta. Waliokufa walizidi 100. Gereji ni ndogo kuliko lori, lakini petroli ni ileile. Hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la kutengenezea magari. Dizeli ni pole zaidi, kwani kwa kawaida huhitaji kupata joto la nyuzi zaidi ya 50 ndipo mvuke wake uwake. Lakini pipa la dizeli ambalo zamani lilikuwa na petroli lisiaminiwe. Na pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake umebaki mvuke uliochanganyika na hewa.

Ndiyo maana hairuhusiwi kabisa kutoboa pipa kwa drili wala kuchomelea kishikio cha kihisi juu yake. Mapipa mengi ya chuma yana midomo miwili, mmoja wa inchi mbili na mwingine wa robo tatu. Tumia mdomo uliopo, kwa kihisi chenye hesi inayolingana na mpira unaohimili mafuta. Ila usizibe tundu pekee la kupumulia. Pampu ikivuta mafuta huku hewa haiingii, chombo hunywea kama boksi la maziwa. Ukijaza huku hewa haitoki, kinaweza kupasuka. Nimeona watu makini wakisahau jambo hili kwa sababu mawazo yao yote yalikuwa kwenye simu.

Kwa tangi la petroli, kihisi kiwe kimethibitishwa kwa mahali penye mvuke unaolipuka. Tafuta alama ya herufi Ex ndani ya umbo la pembe sita, au cheti cha IECEx. Kifaa cha kupimia tangi la maji hakifai, hata kama kinafanana na kwa bei ni nusu. Kipokezi, chaja na soketi vikae ofisini, mbali na mafuta. Betri isibadilishwe juu ya mdomo wa pipa. Tangi na pampu za chuma ziunganishwe na waya wa athi, kwa sababu mafuta yakipita kwenye mpira hutengeneza umeme tuli, na cheche moja inatosha. Tangi la plastiki lisiwekwe petroli.

Kuhusu mawimbi, bati na chuma huyazuia. Antena ikizama ndani ya tangi la chuma, usitegemee ujumbe. Uliza pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa kuwa ni chombo cha redio.

Baada ya kufunga, mimina mafuta kwa kipimo cha lita 20 kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo, uone kama simu inasoma hivyo hivyo. Rudia tangi likiwa robo, nusu na karibu kujaa. Vihisi vingi vya sauti havisomi sehemu ya juu kabisa, na povu au mvuke huvidanganya. Wanaohifadhi mawese wawe waangalifu zaidi, maana mawese yakipoa huganda na kubaki yameshikilia kuta za chombo.

Stiki isitupwe. Kihisi kinaona uso wa mafuta tu. Hakijui kwamba chini kuna maji yaliyoingia wakati wa masika, na kitayahesabu kama dizeli. Pima kwa stiki yenye dawa ya kutambua maji kila wiki, na uandike daftarini pembeni ya hesabu ya simu. Umeme ukikatika au bando likiisha, daftari ndilo litakaloendelea.

Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe mlangoni, si nyuma ya pipa, na ndoo ya mchanga kando yake. Maji yasimwagwe kwenye mafuta yanayowaka. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandikwe ukutani kwa rangi. Na wanaofikiria kuwauzia bodaboda mafuta kutoka kwenye tangi hilo, wafahamu kwamba kuuza rejareja kunahitaji leseni ya EWURA. Mita nzuri haiwi leseni.