Pesa ya Ruwi, Nyumba ya Rufiji

Aprili 2024 mvua iliua watu huku Oman, na mwezi huohuo Mto Rufiji ukafunika nyumba na mashamba kule Rufiji na Kibiti. Simu ya nyumbani ikilia, ndugu yangu, moyo unataka kutuma mshahara wote. Subiri kidogo. Kwanza tuma ya chakula na dawa. Ya kujenga igawe mara tatu tu, maana ada unalipa kila ukituma: msingi, kuta, bati. Hatua moja ikiisha, omba picha ndo utume nyingine. Na kabla ya tofali la kwanza, uliza: maji yalifika wapi? Bondeni tulime, nyumba ipande juu. Mto hurudi, jasho lako la Ruwi halirudi.