Kupanda mlima ni kupanga kurudi

Kongo iko na theluji. Wengi wetu hapa Kalemie tumeiona kwenye televizyo tu, lakini huko kaskazini, mpakani na Uganda, juu ya Ruwenzori kuna barafu mwaka mzima. Kilele cha juu, Margherita, kinafika metre 5109. Ni cha tatu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Duke wa Abruzzi, mtu wa jamaa ya kifalme ya Italia, alikifikia wa kwanza tarehe 18 Juni 1906.

Msomaji anaweza kuuliza: mchimbaji wa Nyunzu ao Manono atapata faida gani na habari za wapanda theluji? Faida ni hii: watu hao wanakufa kwa namna tunayoijua sisi. Wanafunikwa.

Katika milima ya Ulaya, wakati wa baridi, watu wanapanda kwa ski, mbao mbili ndefu na nyembamba wanazofunga chini ya viatu. Wakati wa kupanda wanabandika chini yake mkanda wenye manyoya yanayolala upande wa nyuma, ili wasiteleze kurudi. Wakifika kileleni wanabandua mkanda na kushuka kwa mwendo mkali. Hatari yao kubwa ni theluji yenyewe. Kwenye mteremko wa digrii 30 na zaidi inaweza kukatika kipande kizima na kumzika mtu. Akitolewa katika dakika kumi za kwanza, mara nyingi anapona. Nusu saa ikipita, matumaini yanakuwa madogo. Kwa hiyo kila mmoja anabeba kiredio kidogo cha kuonyesha pale alipofunikwa, fimbo ndefu ya kuchoma theluji na beleshi. Helikopta inafika nyuma. Mwokozi wa kwanza ni mwenzako uliyetoka naye.

Werner Munter, mwongozaji wa milima wa Uswisi, aliacha fundisho ambalo wengi wanalifuata mpaka leo: maulizo matatu, kila moja mara tatu. Hali ya hewa na theluji iko namna gani? Njia iko namna gani? Watu wako namna gani? Wanauliza nyumbani mbele ya kuondoka, wanauliza tena wakifika chini ya mlima, na tena mbele ya kila mteremko. Ufaransa na Uswisi wanatangaza hatari ya theluji kwa namba, toka 1 mpaka 5. Wengi hawafi siku ya namba 5, sababu siku hiyo watu wanabaki nyumbani. Wanakufa mingi siku ya namba 3, wakati kila mtu anasema: "Si mbaya sana, twende tu."

Turudi Ruwenzori. Kule shida kubwa ni mvua, matope, nyufa za barafu na hewa nyepesi, lakini maulizo ni yale yale.

Hali: majira mazuri ni Desemba mpaka Februari, na Juni mpaka Agosti, ingawa mvua haikosi hata wakati huo. Barafu inayeyuka. Mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilometre mraba 6, leo haifiki hata moja. Basi njia ya zamani si ya kuaminiwa. Ulizeni waliopita kule karibuni. Na usalama ni sehemu ya hali. Upande wa Kongo safari inaanzia Mutwanga, katika Hifadhi ya Virunga, teritware ya Beni, na kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kyondo. Beni tunajua vita yake. Hifadhi ikisema hapana, safari imekwisha pale pale. Upande wa Uganda njia moja inaanzia Kilembe, mji uliojengwa na wachimbaji wa shaba kama vile miji yetu.

Njia: Kalemie iko karibu metre 780 juu ya bahari. Kule Margherita hewa ni karibu sehemu sita kwa kumi ya hii tunayovuta pembeni ya ziwa. Ukipita metre 3000, usilale kila usiku juu zaidi ya metre 500 kuliko jana, na kila siku tatu ao nne pumzika siku moja. Kichwa kikiuma na tumbo kuchafuka, simama hapo, usipande. Mwenzako akitembea kama mlevi, ao akihema akiwa amekaa, mshushe saa ile ile hata kama ni usiku, na usimwache peke yake.

Watu: mwendo wa kundi ni mwendo wa yule anayechoka mbele ya wengine. Kuna pia saa ya kugeuka. Kundi linatoka kambini usiku wa manane, na linapatana kwamba, kwa mfano, saa nne ya asubuhi kila mtu anageuka, hata kama kilele kiko pale kinaonekana. Saa hiyo inapangwa nyumbani, sababu mtu anayekiona kilele karibu hana tena akili ya kuhesabu.

Sasa tuingie shimoni. Hapa kwetu mvua zinaanza Oktoba, na kila msimu tunazika watu. Mbele ya kutoka nyumbani: usiku mvua ilinyesha? Kwenye mdomo wa shimo: kuna ufa mpya? Mbao zimeshika? Motopompe iko wapi? Moshi wake unaua kimya kimya ukiingia chini. Mbele ya kila hatua ndani: kuna vijiwe vinaanguka? Na watu: nani hakulala, nani amekunywa, nani amebaki juu na majina ya walioingia? Kanuni za madini za nchi yetu zinamkataza mchimbaji wa mikono kupita metre 30. Hiyo ni saa ya kugeuka iliyoandikwa.

Lakini tuseme ukweli. Mpanda ski akigeuka anapoteza siku ya kufurahi. Mchimbaji akigeuka, watoto wanaweza kulala njaa, na PDG wa shimo anadai pesa za chakula alizotanguliza. Ndiyo maana ule msemo, "Tutoe mifuko mbili tena, kisha tutapanda," unaua watu wenye akili. Kanuni ya kugeuka haina nguvu kama anayegeuka anaadhibiwa. Basi mapatano yafanyike juu, mbele ya kuingia, PDG na kapita wakiwepo: nani ana haki ya kusema "basi", na kwamba aliyesema hakatwi kitu siku hiyo.

Na familia iko na kazi yake. Wapanda milima wanaacha nyumbani karatasi: njia, majina, saa ya kurudi, na nani wa kuitwa wakichelewa. Mama, kesho asubuhi mbele papa hajatoka, umuulize mambo matatu: shimo gani, pamoja na nani, na mtapanda saa ngapi. Asipojua kujibu, mpango bado haujawa tayari.